Ungo Haupandwi Mchana

Sumbawanga mtu hafi hivi hivi. Hata awe mzee aliyeona vitukuu, hata awe ameugua mpaka kitanda chenyewe kimemchoka, bado watu watamtafutia sababu, na wasipoiona wataitunga. Seuze kijana wa jeshi aliyekufa ndani ya ndege, mchana kweupe, kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda wa juu unapokatika ghafla kuelekea bondeni, karibu na kwao, akatolewa kwenye mabaki na wachunga ng'ombe.

Sababu ilipatikana kabla maiti haijafika. Ilianzia madukani Chanji, ikapanda kwa miguu hadi Milanzi, ikaingia msibani pamoja na wanawake waliokuja na unga na kuni. Kijana alishuka chini ili aonekane, walisema. Alitaka watu wa kwao wamwone anaendesha ndege ya jeshi. Ndege yenyewe ndogo, ya kujifunzia, yeye kaigeuza pikipiki ya kuwaringia wasichana. Waliyasema hayo kwa sauti ya pole, na hakuna sauti mbaya kama hiyo.

Silvana, mama wa marehemu, aliyasikia yote. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, kichwa kimefungwa kitenge, miguu ameinyoosha mbele. Hakubishana na mtu. Kilichokuwa kikimtafuna si uongo wa watu, bali ule ukweli mdogo uliojificha ndani ya uongo wenyewe. Evans hakwenda kujionyesha. Evans aliitwa, na aliyemwita ni yeye, mama yake mzazi.

Alimwita kwa simu, wiki ile ile, mwanawe alipomwambia kwamba safari yao ya mafunzo itapita juu ya Ufipa. "Basi pita juu ya nyumba, mwanangu. Nitaanika shuka jekundu uani, ujue ndiyo kwetu."

"Mama, ndege ya jeshi siyo bodaboda," Evans alimjibu akicheka. Kisha akashusha sauti. "Lakini nitamwomba afande."

Siku hiyo Silvana alilianika shuka mapema, umande haujakauka. Alifua, alichambua maharage, alifagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa, yote ili asitoke nje ya ua. Ndege hakuisikia. Alichosikia, jua likiwa limeshaanza kuelekea magharibi, ni gari la jeshi likipunguza mwendo mbele ya nyumba. Kabla hajaenda kufungua alilivuta lile shuka kambani, akalisokomeza chini ya godoro. Hakujua kwa nini. Mikono yake ilijua kabla yake.

Hata mumewe, Silvana hakumwambia kwamba ndiye aliyemwita Evans. Maximilian alikuwa katekista wa kigango, mtu aliyenyooka kama mstari, na jioni ile ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya lile godoro, akasema, "Kiburi, Silvana. Ndicho kilichomwangusha Lusifa, na ndicho kilichomwangusha mtoto wetu." Halafu akalia mpaka akakosa pumzi. Hapo ndipo Silvana alipotakiwa kusema. Ulimi ukawa mzito, na kesho yake ukazidi uzito, na kila mwanamke aliyeingia na ile pole yake aliongeza jiwe lake juu ya ulimi huo.

Ili mtu auelewe msiba huu inabidi amjue Kapteni Shigela. Krismasi iliyopita Evans alikuja likizo pamoja naye. Ndiye aliyekuwa mkufunzi wake wa urubani. Ni Msukuma, lakini wa huku huku: wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakaweka boma bondeni upande wa Muze, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Na kwa kuwa Wafipa na Wasukuma ni watani, Silvana alimpokea inavyopasa, mgeni hajavua hata viatu.

"Ng'ombe zenu zimemaliza mahindi yetu bondeni," alimwambia, "sasa umeufuata na ugali?"

"Mimi sikufuata ugali, mama. Nimetumwa na jeshi kukagua uwanja wenu wa nyungo. Huyu mtoto anaruka vizuri mno, lazima alianzia nyumbani."

Kambini walimwita Ungo. Mtanzania ukimtajia Sumbawanga, linalofuata mdomoni mwake ni uchawi, na baada ya uchawi ni ungo wa kurukia. Ni mzaha mkongwe, umechakaa, hauna hata ladha; ila kwa mwanafunzi wa urubani aliyetoka Sumbawanga ulikuwa kama umeshonwa kwa vipimo vyake. Wengine wakimwita hivyo alikunja uso. Shigela akimwita alicheka, maana mtani ana haki yake.

Siku ile ya Krismasi, ugali wa ulezi ukiwa katikati, walimweleza Silvana jinsi ndege yao ilivyo. Ina pangaboi moja puani na viti viwili, cha mwalimu na cha mwanafunzi. Sukani nazo ni mbili, zimefungwa pamoja: ukivuta huu, na ule unavutika. Marubani wa majeshi mengi huanzia kwenye ndege za namna hiyo, nyepesi, zenye huruma, zinazosamehe makosa ya mikono michanga, ndipo baadaye wakabidhiwe zile za vita ambazo hazijui kusamehe.

"Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja," Silvana alisema. "Sisi tusipoangaliana, michi inagongana. Ninyi mnajuaje zamu ni ya nani?"

"Tunasema, mama," Shigela alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alikuwa hatanii. "Mimi nasema 'chukua'. Yeye anajibu 'nimechukua'. Mimi namalizia 'umechukua'. Bila maneno hayo mtu haachii usukani."

"Mwongo huyu!" Evans akadakia, mdomo umejaa. "Siku hizi haniambii chukua. Ananiambia, 'Mfipa, panda ungo wako.'"

Walicheka wote. Hata Maximilian alicheka, yeye ambaye kicheko chake kilikuja mara chache kama sikukuu za amri.

Siku ya maziko upepo wa Ufipa ulivuma tangu asubuhi, ule wa miezi ya baridi, unaopenya sweta na kuuma mfupa. Jeshi lilileta sanduku lililofunikwa bendera, na askari vijana waliosimama wima huku midomo imewakauka kwa baridi. Shigela, aliyetolewa hai kwenye mabaki yale yale, alikuja nao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe, na upande mmoja wa uso ulikuwa bado na majeraha mabichi. Alisalimia, akaenda kukaa mwisho kabisa wa turubai, peke yake.

Watani wao walifika kutoka Muze ndani ya gari la mizigo. Mbele alikuwa Bibi Rahel, mwanamke wa Kisukuma ambaye hakuna msiba wa Mfipa aliowahi kuukosa kwa hiari yake. Desturi ni desturi: wafiwa kazi yao kulia, mtani kazi yake kuwachekesha, amwigize marehemu, amseme vibaya, adai apewe mali zake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Bibi Rahel alikuwa amejipaka unga usoni. Mikononi alishika ungo, ameukamata pande mbili kama usukani, akawa anauzunguka uwanja mbio mbio huku akinguruma kooni kama injini.

"Pisheni! Pisheni, Mfipa anatua! Amechelewa, alisahau kuuongezea ungo mafuta!"

Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Silvana naye, aliyekuwa amesimamishwa mlangoni na wanawake wawili, alihisi mdomo wake ukivutika bila idhini yake. Hapo ndipo alipomwona Shigela. Hakucheka. Aliinuka kama mtu aliyepigwa kofi, akapita nyuma ya nyumba.

Bibi Rahel naye alimwona. Alipofika mlangoni kupumua aliushusha ungo, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mzima, "Huyu kijana wetu ana nini? Mtani akinyamaza msibani, ana neno."

Silvana alijinasua kwenye mikono ya wale wanawake, akamfuata.

Alimkuta nyuma ya jiko, ameinama juu ya lundo la majivu. Alipomwona alijaribu kusimama kiaskari, akashindwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na mkono."

"Mkono utapona."

Silvana alitazama huku na huku. "Nitakuuliza jambo, unijibu kama askari, usinijibu kama mtani. Siku ile, mlikuwa mnakuja kwangu?"

Shigela alitazama majivu.

"Nilimwita mimi," Silvana akasema. "Nilimwambia apite. Nilianika shuka ili alione. Baba yake hajui, hakuna anayejua. Wewe niambie tu kama ni mimi niliyemuua, nijue ninabeba nini."

Yule kapteni alipiga magoti palepale kwenye majivu.

"Ndiyo, mama, tulikuwa tumegeuza kuja huku. Aliniomba, nikakubali. Lakini hatukushuka. Anayesema alishuka ili aonekane ni mwongo. Tulikuwa juu panapotakiwa, na Milanzi iko njiani mwetu. Kugeuza hakukumuua mtu."

"Basi kimemuua nini?"

"Usukani nilikuwa nao mimi. Pale ukingoni upepo una tabia mbaya, unaporomoka kuelekea bondeni, nilikuwa namwonyesha namna ya kukaa nao. Tulipoanza kugeuza nikamwambia, 'Haya, Mfipa, panda ungo wako ukamsalimie mama.' Nikaachia. Nikainama kukunja ramani."

"Na yeye?"

"Alicheka. Akasema, 'Afande, ungo haupandwi mchana.'"

Silvana alilisikia jibu lile kwa sauti ya mwanawe, na ule mkokoto wa Kifipa mwishoni ambao shule na jeshi havikufaulu kumwondolea. Lilikuwa jibu zuri. Ni yeye aliyemfundisha kujibu utani, tangu mdogo, kwamba mtani akikurushia neno usilidake tu, lirudishe.

"Mimi nikajua amechukua," Shigela aliendelea. "Yeye akajua namtania, kwa sababu tulikuwa tunakuja kwa mama na mimi nilikuwa natania tangu asubuhi. Mimi nipo na ramani, najua anao yeye. Yeye anatazama nje, analitafuta shuka lako, anajua ninao mimi. Ndege haikuwa na mtu, mama. Tulikuwemo wawili, na haikuwa na mtu. Ikainamisha pua polepole, haikupiga hata kelele, na upepo ukaikandamiza. Tulipozinduka tuliushika usukani wote kwa pamoja, kila mtu akivutia upande wake."

Aliinua uso akamtazama. "Wakubwa nimewaeleza yote, wanaendelea na uchunguzi wao. Wewe ndiye ulikuwa umebaki. Tangu niingie hapa nakutafuta, na nikikuona nakukimbia."

Kitu cha kwanza kilichomjia Silvana kilikuwa nafuu, na aliionea aibu. Hakuwa yeye, au hakuwa yeye peke yake. Nyuma ya nafuu zikaja hasira, za moto, zikamjaa mpaka kwenye viganja. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani, karibu kabisa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha: ni mara ngapi alikuwa amewaimbia watoto wake maneno hayo wakirushiana mawe? Na leo huyu mwenye mzaha alikuwa amepiga magoti mbele yake, mtani, mtu ambaye desturi inasema hakasirikiwi. Waliotunga desturi hawakufikiria ndege yenye sukani mbili.

"Nimesikia," alisema tu. Akamwacha palepale, akarudi kwa wanawake.

Makaburini padri alisoma, kwaya iliimba, upepo ukachukua nusu ya maneno. Maximilian alisimama kichwani mwa kaburi na kitabu chake cha sala, shingo imekaza. Askari walikuwa wameshaliinua sanduku ili kulishusha Bibi Rahel alipowapigia kelele wangoje. Luteni aliyeongoza shughuli alimtazama padri, padri akamwashiria atulie. Mtani hajachukua haki yake.

Haki yenyewe inajulikana. Mtani hushuka kaburini kabla ya mwenyewe, akajilaza, akasema hapa ni pangu, siondoki. Wafiwa humbembeleza, humpa kuku, naye hutoka. Ni mchezo wa dakika chache, na wengi huusubiri, kwa sababu baada yake ni udongo tu.

"Mimi magoti yamekwisha," Bibi Rahel alisema. "Shigela! Wewe ndiye kijana. Shuka!"

Shigela alitoka kwenye mstari wa askari. Aliteremka kwa mkono mmoja, akilisugua hogo lake kwenye udongo mwekundu, akajilaza chali, akafumba macho. Watu wakapiga vigelegele. Hatimaye mtani amekumbuka kazi.

"Hatoki huyo bila jogoo!" Bibi Rahel akatangaza.

Jogoo aliletwa. Maximilian mwenyewe alimkabidhi, kwa mikono miwili. Bibi Rahel akamchukua, akainama ukingoni. "Haya, mwanangu, tumelipwa. Toka."

Shigela hakutoka.

"Anataka na mbuzi!" mtu mmoja akapaza sauti, na kicheko kikapita kwenye umati.

"Sitoki," Shigela akasema kutoka chini. "Mfukieni mtu huyu. Mwenzake apewe ruhusa arudi nyumbani."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Bibi Rahel alipiga makofi. Hata askari mmoja miongoni mwa waliobeba sanduku aliuma mdomo. Kilikuwa kichekesho kamili, cha mtani aliyeiva, na kila mtu pale aliyafurahia maneno yale, isipokuwa mmoja.

Silvana alikuwa ukingoni. Aliuona uso wa kijana yule, macho yaliyofumbwa, na maji yaliyokuwa yakitoka chini ya kope na kuingia masikioni. Na kwa kitambo, Mungu amsamehe, alitamani wamfukie. Alitamani koleo la kwanza limwangukie kifuani, wachekaji wakiendelea kucheka. Lakini kicheko hicho ndicho kilichomzindua. Mtu alikuwa anasema neno la kweli, na watu wazima wote wale walikuwa wakilichukua kwa utani. Mwanawe alikufa hivyo hivyo.

"Nyamazeni!" alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nyamazeni ninyi! Huyu hatanii."

Upepo ulisikika kwenye bendera.

"Maximilian," Silvana akasema, bila kumtazama mumewe kwa sababu angemtazama asingemaliza, "mtoto hakuwa na kiburi. Niliyemwita ni mimi. Nilimpigia simu nikamwambia apite juu ya nyumba, nimwone. Nyote mliosema alikuja kujionyesha, njooni mniseme mimi, nipo. Mwanangu alikuwa anakuja kwa mama yake."

Silvana aliketi chini, kwenye lile tuta la udongo mbichi, akateremsha miguu yake ndani ya kaburi kama mtu anayekaa ukingoni mwa mto.

"Shigela. Mimi nilimwita. Wewe uliachia. Yeye alicheka. Tulikuwa watatu, na mmoja yuko kwenye sanduku. Mimi siwezi kulibeba hili peke yangu, na wewe unataka kulala. Toka humo, baba. Kaburi lina mwenyewe."

Alimnyooshea mkono. Shigela alifumbua macho, akautazama, hakuushika.

Maximilian alikuwa amemkodolea macho mkewe kama vile anamwona kwa mara ya kwanza. Alimkabidhi padri kitabu chake cha sala, akavua koti. Kisha katekista yule, mtu aliyenyooka kama mstari, alikaa chini, akajiburuta juu ya udongo, akashuka kaburini kwa mwanawe.

"Inuka," alimwambia Shigela. "Inuka tumzike mwenzako."

Alipitisha mkono chini ya mabega yake, akamnyanyua polepole kama anavyonyanyuliwa mgonjwa, na Silvana akamvuta kutoka juu kwa ule mkono mzima. Alipofika ukingoni Shigela alilia kwa sauti, kilio kirefu cha mfiwa, jambo ambalo mtani haruhusiwi kulifanya, na Bibi Rahel, ambaye ndiye aliyepaswa kumkataza, alimweka jogoo chini akaanza kulia pamoja naye.